Mitambo Iliyopita Kalundu

Kila mtu wa Uvira aijua Kalundu. Ni bandari yetu, kusini ya mji, mahali ambapo milima yakaribia maji ya Tanganyika na nchi kavu yabaki ukanda mwembamba tu. Kalundu ndiyo mlango wa kwenda Kalemie, Kigoma, Bujumbura na Mpulungu. Ndiyo pia mlango ambao vyombo vingi vigeni vimeingilia nchi yetu, kimoja baada ya kingine, kila kimoja na ahadi zake.

Siku hizi swali moja lasikika mara nyingi katika jumuiya zetu: Je, mitambo ya kisasa ni baraka au ni laana? Wako wasemao kwamba simu na mashine zenye akili zitatutoa katika umaskini, tena upesi. Wako wengine wasemao kwamba vitu hivyo ni mitego ya Shetani, na Mkristo avikimbie. Sisi twaona kwamba swali hili si jipya. Babu zetu waliulizwa lile lile, ingawa kwa vyombo vingine. Basi yafaa tutazame nyuma, tuone mitambo iliyopita Kalundu na katika ziwa letu, tuone ilitenda nini, na tumaini la watu lilikuwa wapi.

Elimu ya wasio na mitambo

Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi wakitafuta chanzo cha mto Nili. Walikuwa na dira na vyombo vya kupimia. Neno walilotaka kulijua ni moja: mto Ruzizi waingia ziwani, au watoka? Wenyeji wakawajibu kwamba waingia. Wageni wakahuzunika, kwa kuwa walitumaini kusikia kinyume, wakarudi bila kufika mdomoni mwa mto. Mwezi wa Novemba 1871 David Livingstone na Henry Stanley walikuja kutoka Ujiji, wakaufikia Ruzizi, wakaona kwa macho yao kwamba waingia. Wenyeji walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo.

Tuanze na jambo hili ili tusije tukadhani kwamba kabla ya mitambo watu wetu walikuwa gizani. Mwenyezi Mungu hakumpa mtu yeyote akili yote peke yake. Mvuvi asiyejua kusoma dira alijua pepo, mikondo na mito. Mwenye chombo ana neno la kufundisha, na mwenye kuijua nchi ana neno la kufundisha pia. Asiyesikiliza hukosa njia, hata akiwa na dira mkononi.

Chombo kile kile, mzigo mwingine

Katika miaka ile ziwa lilikuwa njia ya machozi. Mitumbwi iliyovua samaki na kusafirisha chumvi, hiyo hiyo ilibeba watu waliofungwa, ikiwavusha mpaka Ujiji, na kutoka huko wakapelekwa pwani kwa miguu. Mtumbwi haukuwa na kosa. Mti ulichongwa vile vile kwa mvuvi na kwa mfanya biashara ya watumwa.

Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie walifika Ujiji mwaka 1879, na mwaka 1883 walikuwa Kibanga, upande wetu wa magharibi. Mwaka 1887 alikuja Mpala Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari, ili awalinde wanyonge wasitekwe. Alishika bunduki, kama walivyoishika watekaji. Bunduki zilifanana; mioyo ya walioshika haikufanana.

Meli ya kwanza ya moshi katika Tanganyika ilishushwa majini mwaka 1885. Ilikuwa ya wamisionari Waprotestanti wa London, ikaitwa Good News, maana yake Habari Njema. Jina zuri kweli! Lakini tukumbuke pia jinsi ilivyofika. Vipande vyake vya chuma vilitoka Ulaya, vikapita Ziwa Nyasa, na kutoka huko vikachukuliwa na wapagazi kichwani na mabegani, siku nyingi za mwendo, mpaka Tanganyika. Ndivyo ilivyo mara nyingi: mtambo unaokuja kumpunguzia mtu mzigo huletwa kwanza juu ya mabega ya mtu mwingine. Kwa hiyo Mkristo akiuona mtambo mpya, pamoja na kustaajabia uwezo wake, yampasa kuuliza: Ni nani aliyeubeba mpaka hapa? Naye amepata nini?

Katika miaka ile ile alifika mtu ambaye historia yake yatufundisha zaidi ya chuma. Adrien Atiman alizaliwa Afrika ya Magharibi, akatekwa angali mtoto, akauzwa. Mapadre Weupe wakamkomboa, wakamsomesha, kisha wakampeleka kisiwani Malta ajifunze udaktari. Mwaka 1888 akaianza safari ya Tanganyika, akawekwa Karema, ng'ambo ya mashariki, akiwa katekista na daktari. Hapo aliwatibu watu mpaka alipokufa mwaka 1956. Huyo alikuwa ameuzwa kama bidhaa. Lakini alipopewa elimu ya kisasa hakuitumia kulipiza kisasi wala kujitajirisha. Dawa na kisu cha upasuaji vilikuwa mikononi mwa mtu aliyejua thamani ya mtu. Elimu ya namna hiyo ndiyo tunayoitamani kwa watoto wetu.

Garimoshi la Kalundu

Vijana wengi hawajui kwamba Kalundu palikuwa na garimoshi. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, mwaka 1931, ilifunguliwa reli kutoka Kalundu, ikapita bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola, kilometa zipatazo 90. Huko milima ikaizuia, na shehena za Bukavu zikaendelea kwa barabara. Fikirini furaha ya watu walipoona gari refu likienda lenyewe, likivuta mizigo ambayo wapagazi mia wasingeiweza! Wengi walisema: sasa dunia imefunguka.

Kweli ilifunguka, lakini si kwa wote sawasawa. Katika koloni nzima amri ya mwaka 1917 iliwalazimisha wanakijiji kulima mazao waliyoagizwa na serikali, pamba ikiwamo, na asiyelima aliadhibiwa. Reli ilifanya safari ya mzigo kuwa nyepesi. Haikufanya jembe la mkulima kuwa jepesi. Kitu kikienda mbio zaidi, haki haiendi mbio pamoja nacho isipokuwa watu waitie ndani.

Mwaka 1958 reli hiyo ilifungwa. Ilidumu miaka 27 tu, chini ya umri wa mtu mmoja. Walioidhani kuwa mwanzo wa dunia mpya waliuona mwisho wake kwa macho yao. Katika miaka ile ile watu wa Ulaya walijenga bwawa la umeme kwenye mto Ruzizi karibu na Bukavu, na ahadi zikaanza upya. Hatusemi kwamba reli ilikuwa bure, wala kwamba umeme ni bure. Twasema tu kwamba kila mtambo una siku zake, kama majani ya kondeni. Anayeutumia na ashukuru. Anayeuabudu atabaki yatima utakapokufa.

Meli iliyopakwa grisi

Ziwa letu ni moja, na habari za bandari moja ni za bandari zote. Basi tuvuke kidogo mpaka Kigoma, tusikie habari za meli ambayo wengi wetu wameiona au wameisikia: Liemba.

Meli hii ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku, ikaletwa Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Ilikuwa wakati wa vita kuu. Meli ikawekewa mizinga, ikabeba askari. Waingereza nao wakaleta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, wakazivuta nchi kavu kupitia Kongo mpaka ziwani. Tazameni mambo haya: mataifa yaliyojiita ya Kikristo yalizidiana kwa akili na jasho kuleta vyombo vya ajabu katika ziwa letu, ili wapigane ugomvi ambao haukuwa wetu.

Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani walishindwa, na mafundi waliokuja na meli kutoka kiwandani wakaamriwa kuizamisha, adui asiipate. Walitii. Lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nyingi, kwa uangalifu, ili kutu isiile. Kisha wakaishusha chini ya maji, karibu na mdomo wa mto Malagarasi.

Tukae kidogo hapo. Mafundi hao walikuwa wameshindwa vita, mbali na kwao. Hawakuwa na hakika kwamba wangeiona tena ile meli. Kama wangeipasua tu, nani angewalaumu? Lakini walifanya kazi yao kana kwamba siku moja mtu, ambaye hawamjui, ataihitaji. Na ikawa hivyo. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa chini ya maji, wakakuta mitambo yake yafaa bado. Mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Tangu hapo imebeba wafanya biashara, akina mama na mizigo yao ya dagaa, wagonjwa na wanafunzi. Mwaka 1997 iliwarudisha kwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Mwaka 2015 iliwatoa Kagunga wakimbizi wa Burundi na kuwafikisha Kigoma. Meli iliyozaliwa na kubeba mizinga ikawa kimbilio la watoto wasio na pa kulala.

Waswahili husema: Chombo cha kuzama hakina usukani. Ni methali ya watu walioyaona mengi baharini, nasi twaiheshimu. Lakini twaona watu wakiitumia vibaya, kana kwamba ajali zote zimeandikwa, na hakuna awezaye kufanya neno. Desemba 2014 meli Mutambala ilizama katika ziwa letu, katika jimbo la Katanga, na watu zaidi ya 100 wakafa. Zilitajwa sababu mbili: upepo mkali, na mzigo kuzidi. Upepo hatuuamrishi sisi. Mzigo je? Mzigo hupakiwa na mikono ya watu, mbele ya macho ya watu, kwa fedha zinazohesabiwa na watu. Mwenye boti anayepakia kupita kiasi, na mkubwa wa bandari anayefumba macho kwa kupewa kitu, wasiseme ni kazi ya Mungu. Amri ya tano yakataza kuua. Wala haisemi kwamba kuua ni kwa bunduki tu. Hilo ni jambo la kuungamwa.

Gari lililosimama Baraka

Tuje sasa katika jambo ambalo Wakristo wa jimbo letu hawalisahau. Jimbo la Uvira liliundwa mwaka 1962. Miaka miwili baadaye vita vya waasi viliijaza nchi. Tarehe 24 Novemba 1964 ndege za Marekani ziliwashusha askari wa Ubelgiji mjini Stanleyville, leo Kisangani, kuwaokoa mateka. Siku nne baadaye, tarehe 28, gari la kijeshi lilisimama mbele ya misioni ya Baraka, kusini ya Uvira. Mkubwa wa waasi akamwamuru Bruda Vittorio Faccin, mmisionari Msaveriani, apande garini. Bruda akakataa. Akapigwa risasi. Padre Luigi Carrara, aliyekuwa akiungamisha, akatoka, akapiga magoti kando ya ndugu yake, naye akauawa. Gari likaenda mpaka Fizi, na usiku huo wakauawa Padre Giovanni Didoné na Abbé Albert Joubert, mwana wa yule Kapteni Joubert wa Mpala na mama yake Mwafrika.

Gari lile lingeweza kumchukua mgonjwa hospitalini. Siku ile lilichukua mauti kutoka kijiji mpaka kijiji, haraka kuliko miguu ambavyo ingeweza. Na mbele yake alisimama mtu mikono mitupu, akasema hapana. Hapa ndipo twaona mpaka wa uwezo wa mitambo yote. Yaweza kuuchukua mwili. Yaweza kuuvunja pia. Lakini dhamiri ya mtu haipandishwi garini kwa nguvu. Tarehe 18 Agosti 2024 hao wanne walitangazwa Wenye Heri hapa Uvira, katika Misa iliyoongozwa na Kardinali Fridolin Ambongo. Gari lile limekwisha kuwa kutu mahali fulani. Majina yao yasomwa altareni.

Bomba la maji

Wengine watasema: hayo ni ya vita na mashahidi, sisi ni watu wa kawaida. Vema, tutaje basi jambo la kawaida kabisa: maji ya bomba.

Uvira yateswa na kipindupindu kwa miaka mingi. Maji ya mji huchukuliwa katika mto Mulongwe, yakasafishwa na kusukumwa kwa mitambo. Umeme ukikatika, bomba hukauka. Mama atafanya nini? Huchukua ndoo, huenda mtoni au ziwani. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza uchunguzi wao juu ya mji wetu kwa miaka ya 2009 mpaka 2014. Walilinganisha siku za maji na siku za wagonjwa. Wakaona kwamba baada ya siku moja ya bomba kukauka kabisa, katika siku 12 zilizofuata wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kipindupindu waliongezeka zaidi ya mara mbili.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu, ukabomoa maelfu ya nyumba, ukaharibu mitambo na mabomba ya maji. Na mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda, likaingia majumbani, na Kalundu bandari ikafunikwa na maji. Ndipo tukajifunza tena kwamba mtambo si ngome ya milele. Lakini tukajifunza pia kwamba bila mtambo watoto hufa. Kwa hiyo fundi anayeamka usiku kurekebisha pampu, bila kuonekana na mtu, afanya kazi ya huruma sawa na anayemnywesha mwenye kiu. Na mtu anayeiba waya wa pampu, au anayekula fedha za mafuta yake, huyo anywa maisha ya watoto wasiomjua.

Tumaini letu

Kanisa halitufundishi kuogopa kazi ya akili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu, ulifundisha kwamba ushindi wa akili ya binadamu si upinzani kwa Mungu. Papa Benedikto wa XVI, katika waraka wake wa mwaka 2007 juu ya tumaini, alitukumbusha kwamba uwezo wa mikono ukikua, na moyo usikue, maendeleo hayo ni hatari. Januari 2025 Vatikano ilitoa hati juu ya mashine zinazoiga akili ya mtu, zile ambazo kwa Kiswahili huitwa akili mnemba. Na Papa Leo wa XIV, aliyechaguliwa mwezi wa Mei mwaka huo huo, alieleza kwamba alichukua jina la Leo kwa kumkumbuka Leo wa XIII, aliyewatetea wafanyakazi mwaka 1891 viwanda vilipogeuza maisha ya watu. Swali la viwanda limerudi katika vazi jipya.

Basi tukirudi kwenye swali letu la mwanzo, tujibu hivi. Mtambo si mwokozi, wala si Shetani. Mtambo ni mzigo wa amana. Simu iliyo mkononi mwa kijana wa Kalundu yaweza kumwita daktari, na yaweza kueneza uongo unaowachinjisha majirani wa kabila jingine. Mashine yaweza kumjibu mwanafunzi maswali yake; haiwezi kumpenda, wala haiwezi kutubu mahali pake.

Na tumaini? Wengi hudhani kutumaini ni kungoja meli nyingine ije, kubwa kuliko ya kwanza. Historia ya ziwa letu yafundisha namna nyingine. Mwenye kutumaini huipaka mitambo grisi hata siku ya kushindwa, kwa ajili ya mtu asiyemjua. Hutibu wagonjwa wa nchi ya ugenini mpaka uzeeni. Hukataa kupanda gari la maovu. Huhesabu abiria kabla ya kung'oa nanga, akawaambia waliozidi: ngojeni safari ijayo. Hayo si makubwa mbele ya dunia, lakini Mungu huyajenga juu yake.

Enyi mafundi, manahodha, wapagazi wa gati, wauza simu na wanafunzi: shikeni vyombo vyenu kwa mikono safi. Nanyi wazazi, waulizeni watoto wenu si kile wanachoweza kufanya kwa mashine tu, bali ni nani atakayefaidika. Na Wenye Heri wa Baraka na Fizi watuombee, ili kila kinachopita Kalundu kipite pamoja na haki.